Nani Aliyelipa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uchu wa Ukubwa, Kisasi na Ushujaa

Maswali haya yametoka kwa nani?

Yametoka kwenye baraza ya nyumba yetu, mtaa wa Shella, Malindi. Kila Jumamosi baada ya Alasiri tunasoma kwa sauti tamthilia, tendi na riwaya za zamani, kwa kupokezana, mpaka adhana ya Magharibi. Huja wanafunzi wa sekondari, huja wavuvi ambao hawajashika kitabu tangu darasa la saba, huja kina mama na ukili mkononi, wanasuka huku wanasikiliza. Wanaouliza wanabadilika, maswali ni yale yale. Nimeyaweka pamoja na majibu ninayoyatoa. Mengine ni marefu kwa sababu tumeyabishania sana.

Kwa nini kila kitabu kikiisha mnauliza "Nani aliyelipa?"

Swali hilo lilianzishwa na bibi mmoja wa hapa mtaani, siku aliyosikia kisa cha Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumefika pale wauaji waliotumwa na Macbeth wanapoingia nyumbani kwa Macduff, adui yake. Mwenyewe hayupo, wanamkuta mkewe na watoto. Bibi akaacha kusuka.

"Huyu mtoto amekosa nini?"

Tukamwambia hakukosa kitu. Babake ndiye aliyekimbilia Uingereza.

"Basi mbona yeye ndiye anayelipa?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, na toka siku hiyo hatufungi kitabu bila kuuliza hivyo. Kiswahili chenyewe kinatuelekeza huko. Kisasi tunakilipa, tunakilipiza, kama deni la dukani. Penye deni pana anayedai na anayedaiwa, na katika visa hivi mara nyingi pana mtu wa tatu, ambaye hakukopa, na ndiye anayetozwa. Huyo wa tatu ndiye ninayemtafuta kila nisomapo.

Tamaa, uchu, himma: si kitu kimoja?

Hapana. Himma ni ari ya mtu kutaka jambo kubwa na kulitolea jasho. Mtu wa himma husifiwa hata na mahasidi zake. Uchu ni njaa, na njaa haisikii neno. Mwanafunzi akiniandikia "Macbeth alikuwa na tamaa" akaweka nukta, namrudishia karatasi. Tamthilia inapoanza, Macbeth ni jemadari aliyeuokoa ufalme na kupewa cheo kwa haki yake. Hiyo ni himma. Iligeuka uchu wapi, kwenye mazungumzo gani, akiwa amesimama na nani? Ukinionyesha mahali penyewe umekisoma kitabu.

Nani alimpoteza Macbeth: wachawi, mkewe au nafsi yake?

Wachawi wale watatu hawamwambii aue. Wanamwambia atakuwa mfalme, basi. Banquo, jemadari mwenziwe, amesimama ubavuni mwake, naye anatabiriwa kwamba uzao wake utatawala, na hamgusi mtu. Maneno yametoka vinywa vile vile, saa ile ile. Mmoja akabaki anajihadhari nayo, mwenziwe akamwandikia mkewe barua. Mke naye akamgusa pale panapowauma wengi: akamwambia akishindwa kutenda si mwanamume. Ni balaa ngapi tunazijua, hapa hapa pwani, zilizoanza kwa neno hilo?

Lakini linalowachoma watu wa barazani kwetu kuliko yote ni kwamba Duncan, mfalme anayeuawa na Macbeth, ni mgeni. Amekuja nyumbani kwa Macbeth, amekula chakula chake, amelazwa chumba kizuri. Kabla ya kuua, Macbeth anajihesabia peke yake sababu za kutofanya: huyu ni jamaa yangu, huyu ni mfalme wangu, huyu ni mgeni wangu, na kazi ya mwenye nyumba ni kumfungia mlango muuaji, iweje nishike kisu mimi? Anaitoa hukumu kabla ya kosa. Anakiri hana kinachomsukuma isipokuwa uchu, ule wa mtu anayerukia mgongo wa farasi kwa pupa mpaka akaangukia upande wa pili. Kwa hiyo jibu langu ni nafsi yake. Wengine walimwonyesha mlango. Aliyeufungua ni yeye.

Mwaka mmoja tuliigiza ile sehemu ambayo mkewe anatembea usingizini akijaribu kuosha damu isiyokuwepo. Msichana aliyepewa nafasi hiyo alikataa kuosha mikono hewani. Akaja na birika na beseni kutoka kwao, lile la kunawisha wageni kabla ya kula. Akakaa chini, akajimiminia maji, akasugua, akamimina tena. Hakusema neno. Beseni likajaa, maji yakamwagika sakafuni, yakatambaa mpaka miguuni mwa waliokaa mbele, na hakuna aliyesogeza mguu. Kila mmoja wetu amewahi kunawishwa kwa birika kama lile kwenye nyumba ya watu. Tukaelewa papo hapo kinachooshwa: damu ya mgeni, kwa birika la mgeni. Maelezo mengi nimeyasoma kuhusu onyesho hilo, na hakuna lililonifunza zaidi ya yule msichana.

Waliolipa: Duncan, walinzi wake wawili waliopakwa damu wakiwa wamelewa kisha wakauawa asubuhi wasije wakasema, Banquo, mke wa Macduff na watoto, halafu mke wa Macbeth. Macbeth mwenyewe anakuja mwisho wa foleni.

Macbeth alikuwako kweli?

Alikuwako. Alitawala Uskoti kuanzia mwaka 1040 hadi 1057. Duncan wa kweli hakuwa mzee na alikufa vitani. Shakespeare aliandika yapata mwaka 1606, wakati Mfalme James, mtu wa Uskoti, amekalia kiti cha Uingereza, na ukoo wa James ulihesabiwa kuwa umetoka kwa Banquo. Ndiyo maana Banquo katoka msafi hivyo.

Katika fasihi yetu, nani amemwonyesha mpenda makuu mwisho wake?

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi. Hamtaji mfalme mmoja akamsuta. Anatuingiza kwenye majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu.

*Madaka ya nyumba ya zisahani,*
*sasa walaliye wana wa nyuni.*

Yaani vile vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za thamani, sasa wamelala makinda ya ndege. Nikitaka vijana wauelewe ubeti huo nawapeleka kwenye magofu ya Gedi, mwendo mfupi tu kusini mwa mji wetu. Wanatia mkono ndani ya kidaka cha matumbawe, wanatoa vumbi na majani makavu. Wakirudi barazani hawaulizi tena maana yake.

Aliyedhulumiwa si ana haki ya kulipa kisasi?

Hapa ndipo sauti hupanda, na mara mbili tumekosa Magharibi ya jamaa kwa ajili yake.

Neno kisasi asili yake ni qisas ya Kiarabu, na qisas katika sharia ina nguzo zake. Ina hakimu, kwa maana mtu hajihukumii mwenyewe. Ina kipimo: jicho kwa jicho, si jicho kwa ukoo mzima. Na ina mlango wa msamaha, mwenye haki akitaka husamehe, au hupokea diya, yaani fidia ya damu. Kwa hiyo mhusika akisema analipa kisasi, mimi huuliza hakimu wake ni nani, kipimo chake ni kipi, na ule mlango ameufunga nani. Wengi hawapiti hata swali la kwanza.

Wagiriki walilijua tatizo hili zamani. Mwaka 458 kabla ya Kristo, Aeschylus alionyesha Athens tamthilia tatu zinazofuatana. Agamemnon anamtoa binti yake kafara ili apate upepo wa kwenda vitani. Clytemnestra, mama wa binti, anamuua mumewe. Orestes, mwana wao, anamuua mama yake kwa ajili ya baba. Kila mmoja ana sababu ambayo ukiisikia peke yake utatikisa kichwa kukubali, na kila sababu inaongeza maiti. Orestes anakimbizwa na viumbe vya kike vya kutisha ambavyo kazi yao ni kisasi, mpaka anafika Athens. Huko mungu wao Athena anakusanya raia wawe mahakimu. Kura zinalingana pande zote mbili, na Orestes anaachiliwa. Ninachokipenda zaidi ni kinachofuata: vile viumbe vya kisasi havifukuzwi. Vinabembelezwa, vinapewa makao chini ya mji na heshima ya kudumu. Hasira ya aliyedhulumiwa haikuambiwa ife, ilipewa pa kukaa.

Sasa mchukue Shylock, Myahudi mkopeshaji wa Shakespeare, ambaye wengi wetu tulikutana naye katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Yeye mahakama anayo, na kipimo chake ni cha mzani hasa: ratili moja ya nyama ya mdeni wake. Alichokataa ni msamaha, hata alipoletewa pesa maradufu. Vijana hupenda kumcheka anaposhindwa, nami siwaachii. Mtu huyu alitemewa mate sokoni, aliitwa mbwa, binti yake katoroka na mali yake. Na wale wale waliomhubiria huruma, walipompata, walimnyang'anya mali na kumlazimisha kubadili dini. Kwenye mji kama huu, ambapo msikiti, kanisa na hekalu la Wahindi havikai mbali, kurasa hizo tunazisoma polepole. Siku moja mvulana wa kidato cha pili aliinua mkono: "Mwalimu, hapa sasa anayelipiza kisasi ni nani?" Nilimwambia asome tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa nini Hamlet anachelewa kumuua ami yake?

Hamlet wa Shakespeare ni mwana wa mfalme wa Denmark. Kwanza hana hakika. Mzuka wa baba yake umemwambia kwamba Claudius, ndugu wa baba, alimtia sumu sikioni akiwa amelala bustanini, kisha akamwoa mjane na kukalia kiti. Lakini mzuka huweza kuwa shetani. Kijana aliyerudishwa na msiba kutoka masomoni Wittenberg hawezi kuua kwa neno la usiku, ndipo anapowatumia waigizaji kumtega ami yake, na ami anategeka.

Baada ya hapo anamkuta Claudius peke yake, amepiga magoti, anaomba dua. Upanga upo mkononi, na Hamlet anaacha. Watu husema ni huruma. Someni tena. Anaacha kwa sababu akimuua akiomba, roho yake itakwenda peponi, naye anataka aende motoni. Deni lilikuwa la uhai. Sasa anadai na akhera. Hapo kipimo kimevunjika, na muda mfupi baadaye anachoma upanga kwenye pazia bila kutazama, akidhani ni mfalme. Ni Polonius, mshauri wa mfalme. Ikawa Hamlet naye ameua baba ya mtu, na mtoto wa huyo, Laertes, ana haki ile ile aliyokuwa nayo Hamlet.

Hesabu: Polonius, binti yake Ophelia, wenzake wawili wa utotoni, mama yake, Laertes, Claudius, na Hamlet. Watu 8 kwa deni la mtu mmoja. Ufalme unakwenda kwa Fortinbras, ambaye baba yake aliuawa na baba wa Hamlet, na ambaye kisasi cha kwao alikatazwa na ami yake, akatii.

Hamlet wa kwetu yuko?

Yuko, tena ni wa nyumba ya Malindi.

Watawala wa Malindi waliokuwa na urafiki na Wareno walihamishiwa Mombasa baada ya mji ule kushindwa, na Fort Jesus ikaanza kujengwa mwaka 1593. Sultani Hasan bin Ahmad wa ukoo huo alikosana na wakuu wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa kwa njama yao. Alimwacha mtoto mdogo, Yusuf. Wareno wakamchukua Yusuf mpaka Goa, akalelewa na mapadri wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akafunzwa vita na bahari. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme, wakiamini wamemfinyanga.

Inasimuliwa kwamba usiku alikuwa akienda kwenye kaburi la baba yake na kusali Kiislamu. Akachunguliwa, habari zikamfikia kamanda. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kamanda Pedro Leitão de Gamboa. Kisha wakauawa Wareno wa mji, wanaume, wanawake na watoto, na pamoja nao Waafrika waliobatizwa waliokataa kuacha dini yao. Mwaka uliofuata merikebu za kutoka Goa zilimzingira zikashindwa. Akaondoka mwenyewe, akawa haramia wa baharini, na mwaka 1638 akafia upande wa Bahari ya Shamu. Ngome ikarudi kwa Wareno.

Kila mwaka kuna kijana anayeniuliza kama Yusuf ni shujaa, na ninajua jibu analolitaka, kwa sababu nami nililitaka. Mtoto aliyenyang'anywa baba, jina na dini, akakaa kimya miaka 17! Deni la kamanda nalielewa. Namwona pale kaburini gizani, hana wa kumwambia, hata lugha aliyokuwa akiota nayo huenda si ya mama yake, na moyo unaniuma. Lakini watoto wa mtaa wa Wareno hawakumuua Hasan. Wala wale Waafrika. Hamlet aliua asiyemkusudia nyuma ya pazia. Yusuf alifungua mlango, akatazama, akaendelea. Siwezi kumwita shujaa, na siwezi kuacha kumpenda.

Nina ombi kwa kijana yeyote wa Malindi mwenye kalamu: tuandikie tamthilia ya Yusuf. Anza kaburini, usiku.

Ni kweli Malindi imo katika utendi mkuu wa Wareno?

Ni kweli, na wengi wanaopita karibu na nguzo ya Vasco da Gama kila siku hawajui. Utendi huo ni Os Lusíadas wa Luís de Camões, uliochapishwa mwaka 1572. Una sehemu 10, na katika sehemu ya tatu, ya nne na ya tano msemaji ni Vasco da Gama, akimhadithia mfalme wa Malindi historia ya Ureno na safari yake. Sehemu zote tatu zinasemwa hapa, mbele ya bandari yetu.

Ndani ya hadithi hiyo mna watu wawili ambao kwangu wanampita Gama. Mmoja ni mzee anayesimama ufukweni Restelo, karibu na Lisbon, merikebu zinapong'oa nanga na wake za mabaharia wanalia. Anawalaani: mnakwenda kutafuta sifa, na sifa mnayoiita kubwa inaacha wajane na mashamba matupu. Mwingine ni jitu Adamastor, mlinzi wa rasi ya kusini mwa Afrika, anayetokea usiku kama wingu jeusi na kuapa kuwalipizia kisasi waliothubutu kuvuka bahari yake. Uchu, kisasi na ushujaa, vyote vitatu vikasimuliwa kwa mfalme wetu kabla Gama hajapewa rubani wa kumfikisha Calicut.

Mwaka huo wa 1498 mfalme wa Malindi alimkaribisha Gama baada ya Mombasa kumfanyia uadui. Alikuwa na sababu yake: ugomvi wa muda mrefu na Mombasa, na hamu ya kupata rafiki mwenye mizinga. Camões anamfanya msikilizaji mwema. Mimi namwona mtu mwenye uchu wake, anayesikiliza uchu wa mwenzake na kupiga hesabu. Vitukuu vyake ndio kina Hasan na Yusuf, au tuseme walioikalia nyumba ile ile.

Jumamosi moja ya kusi tulikwenda kusoma maneno ya yule mzee pale rasini, chini ya nguzo nyeupe. Mawimbi yalikuwa yakipiga mwamba kiasi kwamba msomaji alilazimika kupiga kelele. Alipomaliza, mama mmoja ambaye mumewe huenda bahari kuu akakaza mtandio wake, akasema, "Huyo mzee ni sisi." Akageuka kutazama maji.

Mbona tunamshangilia Edmond Dantès?

Kwa sababu kila mtu ana lake moyoni. Baba yangu alichaniwa tanga la mashua usiku wa kuamkia mashindano, na aliyefanya alimjua. Alipokuwa akinisimulia, mimi mtoto, nilimwomba kila mara mwisho uwe mwingine: yule mtu azame, au aibike mbele ya watu. Baba alikuwa ananyamaza tu.

Dantès ndiye mwisho niliokuwa nikiuomba. Katika The Count of Monte Cristo, riwaya ya Alexandre Dumas, iliyotoka gazetini kwa mfululizo kati ya mwaka 1844 na 1846, baharia kijana anakamatwa kwenye karamu ya uchumba wake kwa barua ya uzushi, anafungwa miaka 14 kwenye gereza la kisiwani, anatoroka, anapata hazina, anarudi akiwa bwana tajiri asiyetambulika. Anawaangusha maadui mmoja mmoja, nao wanajiangusha kwa maovu yao wenyewe. Utamu ulioje! Mpaka mke wa Villefort, mmoja wa maadui hao, anapojiua kwa sumu na kumnywesha mwanawe mdogo, Édouard. Dantès anamnyanyua mtoto, anajaribu kila dawa aijuayo, wapi. Tangu hapo hana tena uhakika kwamba Mungu ndiye aliyemtuma, na adui wa mwisho anamwachilia. Mtoto mmoja alihitajika ili ule mlango wa msamaha ufunguke.

Medea mnaisoma na watoto?

Hapana. Mama anayeua wanawe ili amuumize baba yao ni kisomo cha watu wazima, na hata sisi tulikaa kimya muda mrefu.

Brutus ni msaliti au shujaa?

Mwalimu Nyerere alimtafsiri Julius Caesar wa Shakespeare mara mbili, ya kwanza mwaka 1963, na nadhani mtu anayeongoza nchi changa alikuwa na sababu ya kukaa na Brutus muda mrefu. Brutus anaua kwa hofu ya atakachokuwa Kaizari, si kwa kulipiza alichokwisha kufanya. Nia yake safi; ndiye pekee kati ya wale waliokula njama ambaye hata adui yake anamheshimu akiwa maiti. Ila mwangalieni Cinna mtunga mashairi, anayeraruliwa na watu barabarani kwa kuwa jina lake linafanana na la mla njama mmoja. Mtunga mashairi! Yeye ndiye aliyelipa.

Okonkwo je? Tafsiri ya Kiswahili inamwita shujaa.

Ndiyo, riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958 ilipewa kwa Kiswahili jina la Shujaa Okonkwo, na jina hilo limewapotosha wanafunzi wengi. Okonkwo ana himma kubwa: baba yake alikufa na madeni, yeye akajijenga kwa viazi vikuu na mieleka. Lakini alimkata panga Ikemefuna, kijana aliyemwita baba, kwa kuogopa kuonekana dhaifu, baada ya mzee wa kijiji kumwonya asitie mkono. Nguvu zilizojengwa juu ya hofu ya kufanana na baba yako si ushujaa.

Basi shujaa ni nani? Liyongo?

Liyongo. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alimtungia utendi mwaka 1913, na kisa kilikuwa kikizunguka vinywani tangu zamani, kutoka Pate hadi mto Ozi.

Wengi wakiulizwa ushujaa wake hutaja kimo na nguvu. Mimi nataja akili na ulimi. Wenzake wanakubaliana kula kikoa cha makoma, kila siku mmoja apande mti awaangushie, na siku yake ikifika wampige mishale akiwa juu. Liyongo anavuta upinde akiwa chini, anayaangusha makoma kwa mishale. Wanamfunga gerezani, anatunga wimbo, na kijakazi anaupeleka kwa mama yake bila walinzi kuung'amua. Mama anaoka mkate wa wishwa, katikati anatia tupa. Walinzi wanajichukulia vyakula vizuri, mkate wa makapi wanamwachia mwenyewe. Usiku watu wanacheza gungu nje, ngoma zinavuma, na yeye ndani anakata minyororo kwa tupa. Akatoka akaenda zake. Angeweza kuuteketeza mji wote uliokuwa ukicheza pale nje. Hakufanya hivyo, na kwangu mimi hapo ndipo penye shujaa.

Kama ana akili hivyo, mbona alimwambia mwanawe siri ya kifo chake?

Sultani wa Pate, aliyetaka Liyongo afe, alimwahidi kijana huyo makuu: cheo, na mke wa kifalme. Kijana akaenda kumuuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumuua. Liyongo akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Macbeth aliua mgeni aliyelala. Huyu aliua baba aliyelala, kwa uchu ule ule, na alichoahidiwa hakukipata.

Kwa nini alisema? Wavuvi wanasema alichoka kukimbizwa. Wanafunzi wanasema hakumdhania mwanawe. Bibi yule wa ukili alisema mzazi akiulizwa na mtoto hujibu, na hakuongeza neno.

Na pale kisimani, kwa nini aliitwa mama yake?

Kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kumkaribia. Liyongo alipochomwa hakulala akafa kitandani. Alishika upinde, akaenda kwenye kisima cha mji, akapiga goti, akaweka mshale, na roho ikamtoka akiwa vivyo hivyo. Watu wakamwona kwa mbali wakadhani yu hai na amekasirika. Siku zikapita, hakuna anayechota maji, mji mzima una kiu kwa hofu ya maiti.

Wazee wakamwendea mama, aliyeoka ule mkate, wakamwomba aende kumsihi mwanawe. Akaenda. Akasimama mbali kidogo, akamwimbia kama amwimbiavyo mama mwanawe aliyenuna, amlegeze hasira. Hakujibiwa. Akarudi siku ya pili, akambembeleza tena, ndoo za watu ziko tupu nyuma yake. Mpaka mwili ukaanguka wenyewe. Ndipo walipokaribia, wakaiona sindano.